Mama, Unatumia Tumbaku?

Mwanamke anayevuta sigara katika milima ya Usambara hujifunza kujificha mapema kuliko anavyojifunza kuvuta. Huzijua njia za nyuma ya mashamba, huzijua saa ambazo watu wako msikitini au kanisani, hujua kwamba majani ya mpera yakitafunwa hupunguza harufu mdomoni na limao huipunguza vidoleni. Mwanamume anaweza kusimama stendi ya Lushoto mchana kweupe na sigara yake, akasalimiana na shehe na mchungaji, wala mtu asigeuke kumtazama. Mwanamke akifanya hivyo, kabla ya magharibi habari zimeshapanda Magamba, na kesho yake ziko Lukozi. Atapewa jina, na jina lenyewe halitahusu afya yake.

Nilikuwa mmoja wa wanawake hao. Nasimulia haya baada ya kuyatafakari kwa muda mrefu, na nimefikia jambo moja ninaloliamini kwa moyo wote: nilipokuwa na mimba, aibu ilinichelewesha kuacha sigara kuliko sigara yenyewe. Kilichonitoa humo kilikuwa swali moja, lililoulizwa na mtu ambaye hakuwa na haraka ya kunihukumu.

Sigara niliianzia Dar es Salaam. Nilifanya kazi ya kupokea mboga zinazoshuka kutoka kwetu: kabichi, karoti, viazi. Magari yanayopakia Lushoto mchana huingia mjini usiku wa manane, na mpokeaji sharti awe macho ahesabu viroba, atenge vilivyopondeka, abishane bei na madalali kabla hakujapambazuka. Wenzangu walivuta ili kufukuza usingizi. Mmoja akanipa, nikapokea. Sigara kwetu huuzwa mojamoja, kwenye meza ile ile yenye karanga na pipi, kwa hiyo sikuwahi kununua pakiti nzima na kujiona mvutaji. Nilinunua ya usiku, kisha ya kuamkia. Kenya kwa sheria yake ya mwaka 2007, na Uganda kwa sheria ya mwaka 2015, zilikataza uuzaji wa namna hiyo, na sababu yake naielewa vizuri. Sigara moja haimtishi mtu wala haimfilisi, na kwa njia hiyo humzoesha pasipo yeye kujiona.

Mimba yangu ya kwanza ilipotulia, mimi na mume wangu tulikubaliana nirudi kwa wazazi wangu nijifungulie mikononi mwa mama, kama walivyofanya wengi kabla yangu. Basi lilipoiacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kupanda kona za Soni, niliahidi moyoni kwamba sigara imebaki bondeni. Niliamini mlima utanisaidia. Huko juu hakuna usiku wa kupokea mzigo, wala wenzangu wa kunikaribisha. Sikujua kwamba nilikuwa ninapanda nayo ndani ya damu.

Mji wa Lushoto uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kijiji chetu kiko juu zaidi. Mwezi wa Juni na wa Julai ukungu hukaa mashambani hadi saa nne asubuhi, na baridi humfanya kila mtu atafute moto. Kwa mvutaji, baridi hiyo ni kishawishi kikubwa. Nilikuwa naamka kabla ya wengine, nadai nakwenda kuangalia ng'ombe, kumbe naifuata sigara niliyoichomeka kwenye mwanya wa ukuta wa zizi. Kila nilipoivuta nilimwomba mtoto msamaha. Kila nilipoizima niliapa kwamba ndiyo ya mwisho.

Nyumbani kwetu tumbaku haikuwa ngeni. Bibi mzaa mama alikuwa na kikopo cha ugoro alichokifunga kwenye pindo la kanga, na ugoro wenyewe aliusaga kwa mkono wake, akiuchanganya na magadi. Milima hii ina historia ndefu na jani hilo. Richard Burton, aliyefika Vuga pamoja na John Speke mwaka 1857, enzi za mtawala Kimweri ye Nyumbai, aliandika juu ya tumbaku ya Usambara iliyotwangwa kwenye vinu, ikatengenezwa vibonge bapa vya mviringo, ikafungwa kwa majani ya migomba na kupelekwa hadi Zanzibar. Hivyo hakuna aliyemwona bibi vibaya. Ugoro ulikuwa dawa ya kichwa na mafua, tena ulikuwa sehemu ya heshima ya uzee wake. Lakini bibi huyo huyo angenikuta na sigara angeshika kichwa na kulia, kwa sababu macho ya watu yaliutenga ugoro wa kikongwe na sigara ya binti, ingawa jani ni moja na sumu ni moja.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 kuhusu matumizi ya tumbaku kwa watu wazima ulikuta kwamba nchini Tanzania asilimia 14.6 ya wanaume wanatumia tumbaku, na wanawake asilimia 3.2. Kati ya wanawake hao, wanaonusa au kutafuna ni wengi kuliko wanaovuta. Asilimia 3.2 huonekana kidogo, lakini ni mamia ya maelfu ya wanawake, na ninavyoamini mimi wengi wao hudhani wako peke yao kama nilivyodhani.

Kliniki ya kwanza niliyohudhuria ilinipokea vizuri. Nilipimwa uzito, urefu, shinikizo la damu, wingi wa damu, kaswende na virusi vya UKIMWI. Nilipewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kuzuia malaria na chandarua. Niliulizwa juu ya magonjwa ya ukoo, juu ya lishe, juu ya mume. Juu ya tumbaku sikuulizwa neno. Nadhani haikumjia mtu akilini kwamba binti aliyejifunga kanga vizuri, aliyekuja na mama yake mzazi, anaweza kuwa na sigara ukutani kwao. Nilitoka pale nikiwa nimefarijika kwamba sikugundulika, na huzuni ikiniambia kwamba sasa hakuna atakayejua.

Kwa hiyo nikapambana peke yangu. Nilikaa bila sigara, nikatetemeka, nikamfokea mama bila sababu, usingizi ukanikimbia, kisha nikarudi kwenye ukuta wa zizi. Vijana wa mjini huiita hali hiyo arosto. Niliona ajabu moja: tamaa ilikuwa kali kuliko nilivyowahi kuijua kabla ya mimba. Nikahitimisha kwamba mimi ni mama mbaya, na kwamba mwanamke mwenye mapenzi ya kweli kwa mtoto wake angekuwa ameshaacha. Jirani mmoja, ambaye peke yake alikuwa amenihisi, alinipa faraja ya uongo. Aliniambia nisiogope, kwani sigara humfanya mtoto awe mdogo, na mtoto mdogo hutoka kirahisi.

Miezi iliposonga nikahamia zahanati ya jirani, kwa kuwa mlima wa kwenda kliniki ile ya kwanza ulinishinda. Hapo palikuwa na muuguzi mkunga mtu mzima, wa umri wa mama yangu. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae, upumzike kwanza, kilima kile kinachosha."

Akaniuliza yote ya kawaida, kisha kwa sauti ile ile ya kuulizia tarehe ya hedhi ya mwisho, akasema, "Na tumbaku, mama? Sigara, ugoro, ya kutafuna, chochote unatumia?"

Nikasema hapana. Hakunikazia macho. Alisema tu, "Sawa. Mwezi ujao nitakuuliza tena, nawauliza wote."

Mwezi mzima nililala na swali lile. Lilikuwa limenifungulia mlango pasipo kunisukuma. Aliposema anawauliza wote, maana yake wapo wanaojibu ndiyo, na zahanati haijaanguka. Niliporudi, kabla hajafikia sehemu hiyo, nikamwambia, "Mama, mwezi uliopita nilikuficha." Akaweka kalamu chini. "Mficha uchi hazai, mwanangu," alisema. "Umefanya vizuri kusema. Ya kwanza unaivuta muda gani baada ya kuamka?"

Nilishangaa, kwa kuwa nilitegemea mahubiri. Nikamjibu kwamba naivuta hata kabla ya kunawa uso. Akanieleza kwamba mtu anayeihitaji sigara mara tu aamkapo ameshikwa na nikotini sawasawa, na kwamba hilo ni jambo la mwili, linalopimika, lisilohusiana na kumpenda au kutompenda mtoto. Baadaye nilisoma kilichonifanya nimkumbuke kwa shukrani zaidi. Watafiti wa California walionyesha mwaka 2002 kwamba mwili wa mjamzito huiondoa nikotini haraka zaidi, kwa takriban asilimia 60, kuliko mwili huo huo baada ya kujifungua. Ini hufanya kazi kwa kasi, nikotini inakwisha upesi, na kiu inarudi mapema. Ile tamaa kali niliyoihesabu kuwa ubaya wangu ilikuwa ni mimba yenyewe ikifanya kazi yake.

Alinieleza pia madhara, tena bila kunitisha. Moshi wa sigara una kaboni monoksidi, hewa inayojishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. "Damu yako ni basi la Mombo," alisema. "Moshi unawahi viti vyote, hewa ya mtoto inabaki stendi." Nikotini nayo hubana mishipa ya damu inayolisha kondo la nyuma. Kwa hiyo mtoto hupata hewa kidogo na chakula kidogo, anaweza kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa chini ya kilo 2.5, na kondo linaweza kubanduka kabla ya saa yake, mama akavuja damu na mtoto akafa. Nilipomweleza maneno ya jirani yangu, uso wake ulibadilika kwa mara ya kwanza. Mtoto mdogo kwa sababu ya njaa ya hewa, alisema, hana mafuta mwilini ya kumkinga na baridi, na baridi ya hapa kwetu ni ya Lushoto, si ya Tanga mjini. Akipata shida ya kupumua, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo, na kuifikia ni kushuka mlima wote hadi Mombo, kisha Korogwe, kisha Muheza. Hakuna wepesi wowote katika safari hiyo.

Niliuliza kama niugeukie ugoro kwanza, kwa kuwa hauna moshi. Akakataa. Ugoro nao una nikotini, nayo humfikia mtoto. Tafiti za India na Uswidi zimeihusisha tumbaku isiyo na moshi na watoto kuzaliwa wafu. Akaniuliza na habari za jikoni, kwa sababu moshi wa kuni nao una kaboni monoksidi. Tangu siku hiyo mama alianika kuni mpaka zikauke vizuri, na dirisha la jiko, lililozibwa kwa gunia miaka mingi, likafunguliwa.

Kisha tukapanga. Hakuwa na dawa ya kunipa, na hakujifanya anayo. Alichonipa ni utaratibu. Nichague siku, na kabla yake nitoe kila sigara iliyofichwa. Tamaa ikija nijue kwamba hudumu dakika chache tu, hata nisipoitimiza, kwa hiyo kazi yangu ni kuzivuka hizo dakika: ninywe maji, nitembee, nitafune kitu. Lushoto haikosi cha kutafuna. Nilitembea na karoti mbichi mfukoni mwa sweta, na msimu wa mapeasi ulipofika nikapata kitu kitamu zaidi. Siku za kwanza ndizo kali, alisema, na kuanzia wiki ya pili hadi ya nne mwili huanza kutulia. Jambo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote: nichague mtu mmoja nyumbani wa kumwambia ukweli.

Nilimchagua wifi yangu, dada wa mume, aliyeolewa kijiji cha pili. Nilidhani atapeleka maneno ukweni. Badala yake alinyamaza, akanishika mkono, akasema, "Wifi, basi asubuhi ndiyo saa yako mbaya. Nitapita tuteke maji wote." Akawa anapita. Hakuwahi kunikagua wala kuninusa. Tulikwenda kisimani na kurudi tukizungumza habari za mashamba, na tulipofika nyumbani ile saa mbaya ilikuwa imepita. Yeye ndiye aliyenipa ujasiri wa kumpigia mume wangu. Mume naye alikuwa mvutaji, na ndiye wa kwanza kujua kwamba navuta. Alikaa kimya kwenye simu, kisha akaniambia kwamba atakapokuja hataingia na sigara ndani ya nyumba. Hakuahidi kuacha. Lakini alilitimiza hilo aliloahidi, na mimi nilihitaji ahadi inayotimizwa kuliko ahadi kubwa.

Bibi hakuacha ugoro. Mama alipomweleza kwamba harufu ya tumbaku inanisumbua na mimba, aliacha kunituma kumletea kikopo, na akahamishia kiti chake nje, juani. Kwa mzee wa umri ule, hilo lilikuwa pendo kamili.

Niliteleza. Ulikuwa msiba wa jamaa, watu wengi, usiku mrefu wa matanga, mtu akanipa nami nikavuta nyuma ya nyumba. Hapo zamani ningesema yameharibika, nikaendelea. Safari hii nilikwenda zahanati nikasema. Muuguzi alisema, "Kuteleza si kuanguka. Ilikuwa saa ngapi, na ulikuwa na nani?" Tukazungumza namna ya kukaa kwenye misiba. Yaliishia hapo, na sigara ile haikuzaa nyingine.

Upo utafiti wa New Zealand na Australia, uliochapishwa mwaka 2009, uliowafuatilia wanawake wapatao 2,500 wenye mimba ya kwanza. Walioacha sigara kabla ya wiki ya 15 walijifungua sawasawa na wale ambao hawakuvuta kabisa. Hawakuwa na watoto njiti wengi zaidi wala watoto wadogo wengi zaidi. Ninaposoma takwimu hizo huwa nafikiria ingekuwaje kama swali lile lingeulizwa kwenye hudhurio langu la kwanza. Hata hivyo muuguzi wangu alikuwa sahihi aliponiambia kwamba hakuna mwezi wa mimba ambao kuacha hakuna faida, maana siku moja tu bila moshi inatosha damu kuanza kubeba hewa yake ipasavyo. Mwanangu alizaliwa wakati wake, na mizani ilipita kilo tatu.

Somo nililolipata baadaye ni kwamba kujifungua hakumalizi kazi. Niliacha kwa ajili ya mtoto, na mtoto alipotoka tumboni nikasikia sauti ikiniambia kwamba sasa niko huru. Wanawake wengi walioacha kwa sababu ya mimba hurudia ndani ya mwaka wa kwanza, na mimi naelewa ni kwa nini. Nikotini hupita kwenye maziwa ya mama, na moshi wa nyumbani huongeza hatari ya mtoto kufa ghafla usingizini. Lakini kilichonishikilia hasa ni kwamba wakati huo nilikuwa nimeanza kuacha kwa ajili yangu mwenyewe, na wifi aliendelea kupita asubuhi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo mwaka 2013 kwamba kila mjamzito aulizwe mapema, na katika kila hudhurio, kama anatumia tumbaku au aliwahi kuitumia, na kama anavuta moshi wa wengine. Tanzania ina sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tangu mwaka 2003 na iliridhia mkataba wa kimataifa wa udhibiti wa tumbaku mwaka 2007. Yote hayo ni mema, lakini kwa mwanamke wa kijijini sheria hufika siku anapokaa mbele ya muuguzi akaulizwa kwa upole.

Kwa hiyo nawaomba wauguzi na wahudumu wa afya wa vijijini: waulizeni wote, wala msimchague kwa kumtazama mavazi. Utajeni ugoro kwa jina, maana anayenusa atasema kweli kwamba havuti. Mkiambiwa hapana leo, ulizeni tena mwezi ujao. Waume, moshi wenu ukae nje ya nyumba anamolala mjamzito, hata kabla hamjaweza kuacha. Mama wakwe na mawifi, mkimgundua binti, msimtangaze, mpitieni asubuhi.

Nawe dada unayesoma haya huku umeficha, ujue kwamba kiu unayoisikia si kipimo cha mapenzi yako kwa mtoto. Mtafute mtu mmoja umwambie. Usipoulizwa kliniki, sema mwenyewe, tena sema kwenye hudhurio hili, usingoje lijalo.